Rafiki Aliyesema Nina Maiti Mgongoni

Mpendwa Mama Nasike, mshauri wetu wa ukurasa wa akina mama,

Naomba msaada wako na naomba upesi, maana Jumamosi ya wiki ijayo rafiki yangu Bibiane anaolewa na kapteni ambaye angekuwa wangu, na mimi nimekaa hapa chumbani Mengo roho inaniwaka, nikisema niende nikaivunje hiyo harusi naogopa, nikisema ninyamaze naona nitapasuka, kwa hiyo nimeonelea nikuandikie wewe ambaye kila wiki unawasaidia wenzangu.

Mimi ni Mwacholi, jina langu Anena, na ni mjane. Marehemu mume wangu Okot alikuwa koplo, niliishi naye kambini, na Kiswahili hiki nilijifunza huko kambini, kwa hiyo nikikosea unisamehe. Mwaka ule wa sabini na moja, serikali ilipopinduliwa, aliitwa kazini asubuhi, akaondoka na kikombe chake cha bati mkononi chai ikiwa bado ya moto, na hakurudi, na sisi wanawake tulipokwenda kuuliza tuliambiwa tufunge mizigo tutoke katika nyumba za serikali. Maiti sikupewa, habari sikupewa, hata kikombe sikurudishiwa.

Nikaja Kampala, na aliyenipokea ni Bibiane. Yeye ni Mkongo wa Bukavu, alikimbia vita vya kwao akiwa msichana, ana cherehani yake na kibanda kule Katwe katikati ya mafundi wa mabati, yeye anakata na kushona, mimi napinda, natia vifungo na kupiga pasi. Tumeishi chumba kimoja, tumevaliana nguo, nilipougua malaria alinibeba mgongoni hadi hospitali na yeye mwenyewe ni mwembamba kama mshale wa saa, kwa hiyo usidhani nakuandikia habari za mtu niliyekutana naye sokoni.

Tena kuna jambo la vitabu. Hapa Mengo kuna bibi mmoja Mzungu aliyebaki tangu siku za misheni, anatufundisha Kiingereza jioni, na akatuazima riwaya zake za zamani, zote habari za wasichana wa Ulaya wanaongoja kuolewa. Mimi nilikuwa nasoma, namweleza Bibiane kwa Kiswahili huku yeye anakanyaga cherehani, na tulicheka sana, maana wale wasichana hawana kazi ila kuangalia dirishani kama mvua imekatika ili mwanamume mwenye farasi aje. Katika kila kitabu wako marafiki wawili, mmoja ni wa kungoja mapenzi, mwingine ni yule asiye na sura anayekubali mzee yeyote mwenye nyumba. Bibiane akawa ananiambia, "Anena, miye nitabeba ule mwanaume weye utakataa. Weye ngojea wa roho yako." Nilidhani ni utani. Sasa nimejua alikuwa ananipangia, maana katika vitabu hivyo hivyo adui wa msichana huwa si mama mkwe wala mwanamume mwingine, ni yule rafiki anayelala naye kitanda kimoja.

Huyo kapteni, jina lake sitalitaja maana ni mtu mkubwa, alikuja kibandani mwezi wa tatu na suruali yake ya kazi imembana kiunoni anataka iachiwe kidogo. Nikampima mimi. Siku iliyofuata akarudi bila suruali yoyote ya kushona, akaleta sukari na mche wa sabuni, na wewe Mama unajua sukari siku hizi, watu wanapanga foleni tangu alfajiri wanarudi na mfuko mtupu. Akawa anakuja, anakaa kwenye stuli, anakunywa chai. Anaongea na mimi, si na Bibiane. Sitakudanganya kwamba nilimpenda sana, ana tabia ya kusafisha meno kwa kijiti cha kiberiti wakati unamwambia maneno, lakini nilifikiri hivi, mwaka huu watu wetu wa kaskazini wameondoka wengi na wengine wameondolewa, na mwanamke wa Kiacholi akiwa na bwana mwenye cheo angalau atalala usingizi. Je, hilo ni kosa?

Na alikuwa na nia, Mama, mtu asiye na nia haulizi habari za nyumbani. Aliniuliza, "Wewe mama, iko na ndugu mwanaume?" Nikasema ninaye, kaka yangu Opoka. Siku nyingine akauliza kama Opoka naye alikuwa jeshini zamani, nikasema ndiyo, wakati mmoja na marehemu. Akacheka akasema, "Mimi nataka jua shemeji yangu, hapana ogopa." Nikaona moyo wangu umetulia, maana kwetu mwanamume anayetaka kuleta mahari lazima ajue atakaa mbele ya nani.

Basi Jumanne moja mchana tulikuwa watu watatu, mimi napiga pasi, Bibiane yuko kwenye cherehani, kapteni na chai yake, akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa ndugu yako ile Opoka iko wapi siku hizi? Yeye naandikia wewe barua?" Mimi nikaweka pasi chini nikafungua mdomo nimwambie kwamba Opoka alivuka mpaka, yuko Tanzania na wenzake, na salamu zake huzileta watu wa malori, na hapo hapo, Mama Nasike, kabla sijatoa neno, Bibiane akasimama kutoka kwenye cherehani, akasema kwa sauti ambayo hata mafundi wa mabati waliacha kugonga, "Afande, weye unakunywa chai na uyu mwanamuke, haukuambiwa? Iko na maiti ku mugongo."

Nikuelezee maana ya neno hilo. Sisi Waacholi tunaamini kwamba mtu aliyeuawa vibaya akaachwa bila kuzikwa, roho yake hailali. Tunaiita cen. Inamfuata aliyemuua, na inamfuata pia mwanamume anayelala na mjane wake kabla wazee hawajafanya mila ya kuituliza. Habari hii nilimpa Bibiane mimi mwenyewe, nikilia, wakati ambapo sikuwa na mtu mwingine wa kumlilia. Yeye akaichukua akaitandaza mbele ya mwanamume kama kitambaa cha kuuza. Akaendelea, "Bwana yake hakuzikwa. Mwanaume atamugusa, atakufa mbele ya mwaka kuisha." Kapteni akaweka kikombe chini, uso umembadilika rangi kabisa, jasho linamtoka, akauliza, "Bwana yake ilikuwa kambi gani?" Bibiane akamtajia. Yule mtu akatoka bila kofia yake, hata chai hakuimaliza, na mimi nikabaki nimesimama pasi inaunguza gauni la mteja.

Mama, neno lile lilikuwa uongo! Krismasi iliyopita nilikwenda nyumbani Gulu, wazee wakafanya mila yote, mbuzi akachinjwa mlangoni kwa mama mkwe wangu, na Bibiane tulikwenda naye, akala nyama ya mbuzi yule yule kwa mdomo wake akasema kwao wangetia pilipili. Anajua mimi ni safi. Nilipomuuliza kwa nini, alisema tu, "Tika, Anena. Acha." Na sasa Katwe nzima inaniangalia, fundi mmoja niliyezoea kutaniana naye siku hizi akinipa makaa ya pasi huyaweka chini niokote mwenyewe.

Na aliyekwenda kumrudishia kapteni kofia yake ni nani? Bibiane. Alijipaka poda, akampelekea ofisini. Kapteni akaanza kuja tena, safari hii anakaa upande wa cherehani, mimi haniangalii. Haukuisha mwezi, wametangaza ndoa. Gauni anajishonea mwenyewe. Nami amenishonea, la bluu, lenye mifuko ya ndani, akaniambia si la harusi, ni la safari, niende Busia kwa binamu yake Perpétue anayeuza vitenge, niondoke kabla ya Jumamosi. Nikamwambia mimi nina biashara gani Busia? Akasema, "Enda tu." Yaani amenivua heshima, amenichukulia mwanamume, na bado hataki hata nikae mjini macho yangu yaone.

Kwa hiyo nimekata shauri, lakini nataka kwanza kusikia kwako. Nataka niende ofisini kwa kapteni Alhamisi nimwambie ukweli, kwamba yule mbuzi alichinjwa, kwamba Bibiane alimdanganya, alikuwepo na alikula, na kama hasadiki nimletee mama mkwe wangu au amuulize kaka yangu Opoka. Nifanye hivyo, Mama Nasike? Au niende siku yenyewe ya harusi niseme mbele ya watu wote?

Mimi mwenye uchungu,
Anena, Mengo.


JIBU LA MAMA NASIKE

Anena binti yangu,

Jibu hili hulisomi gazetini na hutalisoma huko. Limeletwa na mkono ule ule ulioleta barua yako. Jumapili kwenye ukurasa wangu utaona swali la mwanamke anayegombana na wifi yake juu ya sufuria. Usishangae, nimelitunga mimi, lazima nafasi ijae.

Usiende kwa kapteni. Usiende Alhamisi, usiende Jumamosi, usipite hata barabara ya ofisi yake. Kama umekwisha kwenda, acha kusoma hapa, vaa lile gauni la bluu, utasoma yaliyobaki ukiwa ndani ya basi.

Sasa tugombane kidogo, maana umenikera. Jina la kapteni umelificha vizuri sana kwa kuwa ni mtu mkubwa. Jina la kaka yako umeliandika wazi, na nchi aliyoko, na wanaoleta salamu zake, ukaitia barua kwenye bahasha ikapita mikononi mwa watu katika mji huu, mwaka huu! Halafu unataka kapteni amuulize Opoka kama mbuzi alichinjwa. Nilisoma hapo nikafunga mlango wa ofisi. Barua yako nimeichoma kwenye kibia cha kuzimia sigara, na mimi sivuti sigara.

Miaka mingi nimesoma barua za posa. Nimesoma za wazuri na za waongo. Mwanamume anayetaka kuoa huuliza baba yako yuko hai, mama yako anapenda nini, mjomba wako ni mkali kiasi gani. Huyu wako alikuuliza nini? Una ndugu mwanamume? Alikuwa jeshini? Yuko wapi? Anaandika barua? Hayo ni maswali ya posa, Anena? Aliuliza hata jina la mama yako? Alikuwa anamtafuta Opoka, maana waliovuka mpaka huitwa waasi na huwindwa huko huko waliko, na wewe ulikuwa mlango. Sukari ile ilikuwa ya kuutia mafuta mlango usilie.

Sasa kumbuka ulivyoandika mwenyewe, pale pa Jumanne. Unasema uliweka pasi chini ukafungua mdomo umwambie kaka yako alipo. Unasema kabla hujatoa neno, Bibiane akasimama. Umeandika hivyo kwa mkono wako na hukuona! Kapteni alikuja kibandani mara nyingi, na mwenzako alikuwa na wakati wote wa kukuharibia kama alitaka bwana. Hakusema kitu. Alisema pale tu ambapo neno moja lako lingemuua kaka yako na kukuua wewe baada yake. Hakuweza kukukonyeza, hakuweza kukufinya, mtu alikuwa ameketi pale na kikombe. Alikuwa na jambo moja tu la kumtisha askari yule, nalo ni lile ulilomwambia ukilia.

Na lilimtisha, sivyo? Alitoka jasho, akaacha kofia, akauliza kambi. Nimeolewa na polisi, najua watu wa bunduki. Mwanamume asiye na jambo angecheka akamaliza chai. Anayeogopa roho ya mtu aliyeuawa kambini ana sababu zake za kuogopa, na sitaki kuziandika hapa, na wewe usizitafute. Unajua kikombe cha bati cha Okot hakikurudi. Sisemi zaidi.

Utaniuliza, kama ni hivyo kwa nini anaolewa naye? Sijui moyo wa Bibiane. Huenda aliona kwamba mtu yule hataiacha Katwe mpaka ashikwe na kitu kingine, akampa kitu kingine. Huenda pia ni mkimbizi asiye na kwao, anataka nyumba yenye ukuta na sabuni ndani yake. Mtu anaweza kuwa na sababu mbili na zote zikawa kweli. Wewe mwenyewe ulikuwa tayari kumchukua ili ulale usingizi, humpendi, kijiti cha kiberiti kinakuchefua. Tofauti ni kwamba yeye anajua anaingia wapi.

Aliwahi kukuambia atabeba yule utakayemkataa. Ulimkataa? Hukumkataa, hukuwa na akili ya kumkataa. Akamkataa yeye kwa niaba yako.

Na hizo riwaya, mrudishie bibi wa misheni. Sizichukii, nilizisoma nikiwa msichana nikalia kwenye kila harusi. Lakini ziliandikwa mahali ambapo msichana akimkosa bwana anakosa nyumba, na rafiki akimchukua bwana huyo basi ni adui, kitabu kimekwisha. Hapa kwetu ukimpata bwana asiyefaa unampoteza kaka, na kesho yake wanakuja kwa mama. Umekwenda kumpima mwenzako wa Katwe kwa futi ya Ulaya. Kila wiki napokea barua za wanawake wasiojua kama ni wake au ni wajane, na sizichapishi, nachapisha za masufuria. Ingekuwa nachapisha, ungejua mapema rafiki ni nini katika mji huu.

Sasa sikiliza utakavyofanya, na ufanye bila kunijibu, na karatasi hii ukiisha kuisoma uichome.

Lile gauni lina mifuko ya ndani. Hukujiuliza kwa nini? Mtu hashoni mifuko ya ndani kwenye gauni la kukaa nyumbani. Tia humo ulicho nacho cha thamani. Busia, binti yangu, nimezaliwa karibu na hapo, ukisimama upande huu wa barabara unaweza kumsalimia jirani aliye Kenya. Perpétue anauza vitenge pande zote mbili na hakuna anayemuuliza. Ndiyo maana unapelekwa kwake. Panda basi la Jumatano asubuhi na kikapu kimoja, kama mtu anayekwenda kununua nguo za kuuza. Usiage jirani. Jina la Opoka usilitamke hadi umevuka, na ukivuka pia ulitamke polepole.

Lakini kabla ya hapo, Jumanne, uende kibandani. Najua sasa unataka kwenda kumwangukia Bibiane shingoni umlilie na kumshukuru. Ukifanya hivyo umemmaliza. Mafundi wataona, kapteni ataambiwa, atajiuliza mjane aliyetukanwa hadharani anamshukuru mtukanaji kwa lipi, na akishaanza kujiuliza atafika Gulu, atafika kwa yule mbuzi. Mwanamke aliyemdanganya mtu kama yule hafukuzwi nyumbani tu.

Nenda ukamtukane. Uchungu unao, ulinimwagia karatasi nzima, basi utumie. Simama nje, si ndani, mafundi wakiwa kazini, umwite mwizi wa mabwana, mla jasho la wenzie, mtu asiye na kwao. Bwana wake usimtaje, wala cheo chake, wala mila yenu. Mtukane yeye peke yake, kwa sauti, kisha useme mbele ya wote kwamba mji huu unakunuka na unakwenda zako, harusi yao waile wenyewe. Siku mbili Katwe itacheka, na hakuna atakayeuliza ulikokwenda wala kwa nini, kwa maana kila mtu anajua wanawake hugombania wanaume. Huo ndio ukuta pekee mlio nao, wewe na yeye, na yeye ameujenga upande wake. Jenga wako.

Hutapata siku nyingine ya kumwambia unajua. Labda hutamwona tena. Hilo lichukue hivyo hivyo, sina la kukupunguzia.

Yeye ataelewa. Tangu Jumanne ile anangoja ufike kumfanyia hivyo, na umekawia. Atakurudishia matusi mazito kuliko yako, na utamwona analia huku anatukana, na mafundi watasema Mkongo analia kwa hasira. Waache waseme.

Mama Nasike